Mwanamaji Aliyekataa Maarifa Yazikwe na Mashine

Hapa Buyangu, pembezoni mwa msitu wa Kakamega, si ajabu kumkuta mzee aliye na redio nzima kwa macho lakini bubu kwa miaka. Fundi ameifungua, akaona kilichoungua, ila kipuri chenyewe hakitengenezwi tena popote. Majeshi ya dunia yana ugonjwa uo huo. Ndege ya kivita huweza kuruka miaka arubaini, ilhali vifaa vya elektroniki vilivyomo ndani yake hupitwa na wakati katika miaka michache. Kiwanda hufungwa, fundi aliyekijua kifaa hustaafu, na serikali hubaki ikisaka masalio kwa bei ya kuruka. Miongoni mwa waliouelewa ugonjwa huu mapema alikuwemo mwanamke mmoja mwembamba wa Marekani, hayati Grace Hopper. Maisha yake yafaa yajulikane na wale wanaotununulia silaha.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Akiwa na umri wa miaka saba alizifungua saa saba za kengele nyumbani kwao, moja baada ya nyingine, ili aone zifanyavyo kazi. Alisoma hisabati katika chuo cha Vassar, akapata shahada ya uzamifu Yale mwaka 1934, huku akifundisha Vassar. Vita vya Pili vya Dunia vilipoikumba nchi yake aliomba kujiunga na Jeshi la Wanamaji, akaambiwa kwamba umri umempita na uzito haumtoshi. Hakukoma. Alikubaliwa Desemba 1943, na mwaka uliofuata akapelekwa Chuo Kikuu cha Harvard kuihudumia tarakilishi ya Mark I, dude lenye urefu wa takriban mita 15 lililowapigia wanajeshi hesabu za mizinga.

Kila tarakilishi ya zama hizo ilikuwa na lugha yake ya tarakimu. Ilipoondolewa, kazi yote iliyoandikwa kwa ajili yake iliondoka nayo, na wataalamu wakaanza upya kana kwamba hawajawahi kujua kitu. Mwaka 1952, akiwa na kampuni iliyounda tarakilishi za UNIVAC, Hopper alitengeneza programu iliyoiachia mashine yenyewe kazi ya kuyakusanya na kuyafasiri maagizo. Akashikilia kwamba binadamu aandike kwa maneno, na kila mashine ipewe mkalimani wake. Wengi hawakumsadiki. Rai hiyo ndiyo iliyozaa COBOL, lugha iliyobuniwa na kamati kuanzia mwaka 1959 juu ya msingi wa kazi yake. Desemba 1960 programu moja ya COBOL iliendeshwa kwenye mashine za makampuni mawili yaliyoshindana sokoni, RCA na Remington Rand. Kwangu mimi, siku hiyo yazidi uzito ushindi mwingi wa vitani.

Wanamaji walimstaafisha mwishoni mwa mwaka 1966. Baada ya miezi saba wakamrudia, wakimwomba miezi sita tu, kwani kila muuzaji alikuwa ameipinda COBOL kwa namna yake na tarakilishi za jeshi hazikuelewana tena. Miezi sita ikawa miaka 19. Yeye na wenzake waliandika majaribio ya kuupima kila ukalimani, na jeshi likapata hoja ya kumkatalia muuzaji ambaye mzigo wake haukutimiza masharti. Ofisini mwake alitundika saa iliyozunguka kinyume, iwaumbue wanaotetea jambo kwa sababu tu limezoeleka.

Haki yadai tuseme kwamba dawa yake haikuponya kila kidonda. COBOL ilifaa mishahara na maghala. Rada na kombora hutegemea chipu yenyewe na kasi yake, na hadi leo majeshi tajiri huweka akiba ya chipu zinazokoma kuundwa, au huchora upya bodi nzima. Hata hivyo, mwenye maagizo yaliyoandikwa kwa lugha inayosomeka, na vipimo vya jinsi kifaa kinavyoungana na kingine, aweza kubadilisha kipande kimoja. Asiyekuwa navyo hununua chombo kizima upya.

Kenya ilianza kupokea ndege za F-5 mwaka 1978. Northrop iliacha kuziunda mwaka 1987. Takriban miaka ishirini baadaye tulikwenda Jordan kununua nyingine za aina hiyohiyo, zilizokwisha kutumika. Kuuliza bei na umri wa ndege ni haki ya mlipa kodi. Swali la Hopper ni jingine, nalo lahusu pia tarakilishi za hospitali na za kaunti: maagizo yaliyomo ndani ya mashine yameshikwa na nani, na muuzaji akifunga duka, ni Mkenya yupi atakayeweza kuyasoma?

Hopper aliagwa na jeshi tarehe 14 Agosti 1986, akiwa admirali mwenye umri wa miaka 79. Sherehe ilifanyika Boston kwenye USS Constitution, merikebu ya mbao iliyoshushwa majini mwaka 1797, ambayo maseremala wameibadilisha ubao kwa ubao na ingali katika orodha ya meli za jeshi. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa Arlington.