James Lighthill: aliyetueleza kwa nini ndege inapiga kelele

Wasikilizaji wetu wa Nyegina na Musoma mjini, uwanja wetu wa ndege umo ndani ya mji, nyumba ziko karibu, na ulianza kujengwa upya kwa lami ili upokee ndege kubwa zaidi. Ndiyo maana leo tunasimulia maisha ya James Lighthill. Wahandisi wa ndege wanamfahamu sana, ila huku kwetu hatajwi.

Alizaliwa Paris tarehe 23 Januari 1924. Baba yake alikuwa mhandisi wa migodi. Mtoto alikuwa na kichwa chepesi kwa hisabati: akiwa na miaka 15 tayari alikuwa ameshinda nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Cambridge, ikabidi asubiri umri. Akiwa na miaka 26 alikuwa profesa Manchester.

Mwaka 1952 ndege za jeti zilianza kubeba abiria. Ile ya kwanza, Comet, iliondoka London tarehe 2 Mei kwenda Johannesburg, ikipitia Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka huohuo Lighthill alichapisha maelezo ya kelele hizo. Yeye akaonyesha kwamba hewa yenyewe, ikitoka kwa kasi na kugongana na hewa tulivu ya nje, ndiyo inayounguruma. Tena hesabu yake inashtua: kasi ya hewa ile ikiongezeka mara 2, nguvu ya sauti inaongezeka mara 256.

Fungua vali ya tairi la lori usikie inavyolia, ingawa hewa inayotoka ni kidogo. Upepo wa ziwani jioni unasukuma jahazi zima na hausumbui mtu. Basi dawa ilikuwa hiyo: injini isukume hewa nyingi polepole badala ya hewa kidogo kwa kasi. Ndiyo maana injini za leo zina mdomo mpana na feni kubwa mbele, kama zile za Airbus A220 za shirika letu la ATCL. Feni hizo zinapunguza mafuta pia, na kwa maoni yetu hilo ndilo lililowavutia wenye mashirika kuliko usingizi wa jirani.

Kuanzia 1959 hadi 1964 aliongoza kituo cha serikali cha utafiti wa ndege, Farnborough. Hapo, ajabu, alisaidia kazi iliyozaa Concorde, ndege yenye kelele kuliko karibu zote za abiria. Baadaye alishika Cambridge kiti cha uprofesa alichowahi kukalia Newton.

Hesabu peke yake haikutosha, maana shirika lenye ndege kuukuu haliitupi kwa sababu ya majirani. Mwaka 1971 shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lilipitisha viwango vya kelele kwa ndege. Viwanja vingine vikatumia mfuko: Heathrow, London, inatoza ndege yenye kelele ada kubwa ya kutua kuliko ndege tulivu. Shirika likipiga hesabu, linapeleka ndege tulivu. Wa Musoma wanaweza kuuliza kwenye mikutano yao ya mtaa: zitatua ndege gani, saa ngapi, na je, ada itatofautiana?

Lighthill alipenda kuogelea baharini. Mwaka 1973 alikizunguka kwa kuogelea kisiwa cha Sark, karibu na pwani ya Ufaransa, kwa saa nyingi, akisoma mikondo ya maji kama mvuvi mzoefu. Alirudia mara kadhaa. Tarehe 17 Julai 1998, akiwa na miaka 74, aliingia tena majini hapohapo, na moyo ukamshinda akiwa karibu kumaliza mzunguko.