Joseph Thomson: Mzungu aliyemwambia Sultani hakuna makaa

Jina la Thomson likitajwa, wengi wetu hukumbuka maporomoko ya Nyahururu au yule swala tomi. Wachache wajuao kwamba bwana huyo aliwahi kula mshahara wa Seyyid Barghash bin Said wa Unguja, na kwamba kazi aliyopewa ilikuwa kutafuta makaa ya mawe. Leo napenda kukisimulia kisa chake, kwani bado kinatuhusu sisi watu wa Pwani.

Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, Scotland. Baba yake alikuwa mwashi mwenye machimbo ya mawe, na mtoto akakulia humo. Alisoma elimu ya miamba katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, kisha akamfuata Keith Johnston katika safari ya kwenda kwenye maziwa yetu makuu. Mwaka 1879 Johnston alifariki njiani, huko Behobeho, na uongozi ukamwangukia kijana wa miaka 21. Akisaidiwa na Chuma, yule aliyekuwa na Livingstone, alifika Nyasa na Tanganyika, akarudi salama.

Wakati huo Seyyid Barghash alikuwa na meli za moshi, na chakula cha meli hizo ni makaa yaliyoagizwa kutoka ng'ambo. Livingstone alikuwa ameeleza kwamba kando ya mto Ruvuma kuna makaa. Sultani akaona riziki i mlangoni pake. Mwaka 1881 akamwajiri Thomson akahakikishe.

Makaa ya mawe asili yake ni mimea iliyozama katika vinamasi zamani za kale, ikafukiwa kwa tope na mchanga, ikashindiliwa mamilioni ya miaka. Lakini tope lenye mabaki machache ya mimea huwa jiwe jeusi la matabaka, ambalo kwa macho hufanana sana na makaa. Tofauti yake hujulikana motoni: makaa huungua yakawa jivu, jiwe hilo hushika moto kidogo, kisha likabaki jiwe vile vile.

Basi Thomson aliliona jiwe hilo, wala hakuona makaa. Angeweza kumpa mwajiri wake matumaini, mshahara ukaendelea. Yeye alirudi Unguja akasema hakuna kitu. Sultani hakufurahi, na mapatano yao yakaishia hapo.

Mwaka 1883 aliondoka Mombasa kupitia nchi ya Wamasai, akauona Mlima Kenya kutoka Laikipia. Aliutambua kuwa ni mabaki ya volkano kubwa, kilele chake kikiwa lava iliyoganda kooni mwa mlima. Hakufika kwa Wameru na Waembu, walioko mashariki na kusini-mashariki yake. Mimi nimetembea huko, nikaona mawe meusi mitoni ambayo mgeni wa Pwani angeyadhania makaa. Kumbe mawe yale yalizaliwa na moto, na makaa huzaliwa kinamasini.

Sifa zake zisitufumbe macho. Baadaye aliyatumikia makampuni ya Kiingereza, huko Sokoto mwaka 1885 na upande wa Katanga mwaka 1890, akitafuta mikataba na watawala. Njia alizozichora zilipitwa na wakoloni. Maradhi ya safari yalimdhoofisha, akafariki London tarehe 2 Agosti 1895, umri wake miaka 37.

Makaa ya kweli yalikuja kupatikana kwingine: Ngaka, magharibi zaidi katika mkoa wa Ruvuma, na Mui huko Kitui, ng'ambo ya mto Tana kutoka Embu. Nasi Pwani tulipata fitina yetu. Mwezi Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira la Kenya lilibatilisha leseni ya mtambo wa umeme wa makaa uliokusudiwa kujengwa Lamu, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na uchunguzi wa madhara yake ulikuwa na kasoro.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Thomson. Mtaalamu anayepima ardhi, bahari au hewa amebeba amana. Anayemlipa ana haki ya kuambiwa lililopo, hata likimchukiza. Na wanaoishi mahali hapo, wasiomlipa hata senti, wana haki hiyo hiyo.