Kijana wa Nukta Sita

Mwaka jana nilifanya mazoezi ya kufundisha huku kwetu Kidodi, kwenye barabara ya Mikumi kwenda Ifakara. Darasani kwangu kulikuwa na binti mmoja asiyeona. Alikaa mbele, anasikiliza. Nikiandika ubaoni wenzake wananakili, yeye anangoja. Siku ya mtihani nilimsomea maswali kwa sauti ya chini, akajibu, nikaandika mimi. Alifaulu vizuri tu, ila hakuna hata herufi moja aliyoiandika kwa mkono wake. Niliporudi chuo nikaanza kumsoma Louis Braille, na kwa kweli nilichokikuta kimeninyima raha.

Alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 huko Coupvray, kijiji kilicho mashariki ya Paris. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na miaka 3, mtoto alichezea msharasi wa kutobolea ngozi, ukamchoma jicho. Maambukizi yakahamia la pili, na alipofika miaka 5 alikuwa haoni kabisa. Shule ya kijiji ikampokea pamoja na wenzake. Akakaa anasikiliza! Yaani darasa langu la Kidodi lilikuwa bado pale Coupvray ilipokuwa miaka mia mbili iliyopita.

Mwaka 1819 akapelekwa Paris, kwenye taasisi ya vijana wasioona. Vitabu vilikuwepo, vya herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Vilikuwa vizito, vichache, na kidole kilihangaika kuitambua kila herufi. Halafu mwanafunzi hakuweza kuandika hivyo mwenyewe. Wenye macho waliwatengenezea wasioona kitu kinachosomeka kwa macho.

Mwaka 1821 mwanajeshi mmoja, Charles Barbier, alileta mtindo wake wa nukta 12. Ulikuwa mpana mno kwa kidole, na uliandika sauti tu bila kujali tahajia. Louis akang'ang'ana nao, anatoboa karatasi kwa kijichuma ambacho hakipishani sana na msharasi wa baba yake. Alipofika miaka 15 alishapunguza nukta zikawa 6, zinazotosha chini ya ncha ya kidole kimoja. Miaka 15, jamani! Mimi umri huo nilikuwa nakwepa zamu ya kufagia. Kitabu cha kuueleza mtindo wake kilitoka 1829.

Akawa mwalimu palepale, na mpiga kinanda kanisani. Lakini mwaka 1840 taasisi ikapata mkuu mpya, naye akazipiga marufuku zile nukta. Wanafunzi wakaendelea kuandikiana kwa siri. Louis alikuwa na kifua kikuu. Alifariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Ufaransa ilizipokea rasmi mwaka 1854.

Hapa Tanzania, shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, imekuwepo tangu 1950. Mimi niko mwaka wa tatu wa ualimu na sijafundishwa hata herufi moja ya nukta nundu. Nimeanza mwenyewe, kwa msaada wa mwenzetu asiyeona hapa bwenini. Unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, ukigeuza karatasi ndipo inasomeka. Juzi niliandika jina la yule binti. Mwenzangu akapitisha kidole, akacheka: herufi ya nne nimeikosea.