Bayume Mohamed Husen (1904–1944): Mtoto wa Dar es Salaam katika Kambi ya Wanazi

Watahiniwa wengi huandika kwamba chuki ya Wanazi dhidi ya Wayahudi ilikuwa jambo la Wazungu peke yao. Maisha ya Bayume Mohamed Husen yanaonyesha sivyo.

Kuzaliwa na vita
Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904 akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake, Msudani, alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alikuwa na miaka 10 tu, lakini aliingia jeshini pamoja na baba yake. Vita hiyo ndiyo iliyofika Korogwe na Handeni Juni 1916, Waingereza walipoziteka. Mwaka 1917 Husen alijeruhiwa Mahiwa, kusini mwa nchi, akachukuliwa mateka.

Maisha ya Berlin
Baada ya kufanya kazi melini, mwaka 1929 alifika Berlin kudai malimbikizo ya mishahara, yake na ya baba yake. Serikali ilimjibu kwamba amechelewa. Alibaki huko akifanya kazi ya uhudumu, akifundisha Kiswahili chuoni na kuigiza sehemu ndogondogo katika filamu. Januari 1933 alimwoa Maria. Siku chache baadaye Adolf Hitler akawa Kansela.

Chuki yageuka sheria
Wanazi waliwasingizia Wayahudi kila tatizo la Ujerumani: kushindwa vita, umaskini, ukosefu wa kazi. Mwaka 1935 Sheria za Nuremberg ziliwanyang'anya Wayahudi uraia na kuwakataza kuoana na Wajerumani. Kabla mwaka haujaisha, katazo la ndoa likapanuliwa hadi kwa Waafrika. Mwaka huohuo Husen alipoteza kazi yake ya uhudumu. Aliomba nishani ya vita, akanyimwa. Mwaka 1939 alijitolea kuipigania Ujerumani, akakataliwa. Utiifu wake haukumfaa kitu.

Filamu yake ya mwisho, ya mwaka 1941, ilimtukuza Carl Peters, yule aliyekusanya mikataba ya ulaghai mwaka 1884 katika Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Uzigua ndiyo nchi ya Wazigua wa Handeni. Mwaka huohuo wa 1941 polisi wa siri walimkamata Husen kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Bila kufikishwa mahakamani, alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, karibu na Berlin. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Mwisho wa Wanazi
Haikupita miezi sita, Mei 1945 Ujerumani ikasalimu amri. Utawala uliojigamba kudumu miaka elfu ulidumu 12 tu, lakini ulikwisha kuua Wayahudi wapatao milioni 6. Mwaka 2007 jiwe dogo la kumbukumbu lenye jina la Husen liliwekwa mbele ya nyumba aliyoishi Berlin.

Zingatia
Usiishie kutaja tarehe. Onyesha hatua: kusingizia, kutunga sheria, kufukuza kazini, kambi. Sheria iliyoanza na jamii moja haikuishia kwa jamii hiyo.

Jipime
1. Kwa nini utumishi wa Husen jeshini haukumwokoa?
2. Eleza uhusiano wa Carl Peters na Uzigua.
3. Kwa kutumia maisha ya Husen, fafanua hoja nne kuhusu madhara ya ubaguzi.