Joseph Smith: Mafunjo ya Misri yaliyoacha maswali hadi leo

Joseph Smith alizaliwa Vermont, Marekani, mwaka 1805, kwenye familia ya wakulima wenye hali ngumu. Shule aliisoma kidogo tu. Lakini akiwa na miaka 24 akachapisha Kitabu cha Mormoni, akisema amekitafsiri kutoka mabamba ya dhahabu aliyoonyeshwa na malaika. Aprili 1830 akaanzisha kanisa.

Mabamba hayo hayapo, hivyo hakuna wa kuyakagua. Kimbembe kipo kwenye mafunjo.

Mwaka 1835, huko Kirtland, Ohio, Smith na wenzake walinunua maiti nne za kale za Misri pamoja na mafunjo yake kwa dola 2,400. Smith akasema humo mna maandishi ya Ibrahimu. Tafsiri yake ikatoka 1842, wakati Marekani karibu hakuna aliyeweza kusoma maandishi hayo.

Juni 27, 1844, watu wenye silaha walivamia gereza la Carthage, Illinois, wakamuua pamoja na kaka yake Hyrum. Alikuwa na miaka 38.

Mafunjo yalidhaniwa yameteketea kwenye moto wa Chicago, 1871. Kumbe baadhi ya vipande vilikuwa makumbusho ya Metropolitan, New York! Mwaka 1967 kanisa likakabidhiwa. Wataalamu wakavisoma: ni maandishi ya mazishi, Ibrahimu hayumo.

Mwaka 2014 kanisa lenyewe lilikubali kwamba vipande hivyo havilingani na tafsiri. Likasema huenda Smith alitumia vilivyopotea, au mafunjo yalimfungulia tu njia ya ufunuo.

Kitabu cha Ibrahimu bado ni andiko takatifu la kanisa hilo.