Augustino na Makarani Wake

Juzi pale Kibokoni nilinunua viazi karai, nikafungiwa kwa kijarida hikihiki. Mahubiri ya Mchungaji yalikuwa yameloa mafuta. Kusema kweli, mimi ndiye niliyependekeza kwa wazee tuache kuchapisha, tuwe tunatuma kwa simu. Nilisomea biashara, nikiona gharama isiyorudisha kitu situlii. Siku hiyo nikajiona nimepata ushahidi. Usiku, nikitayarisha somo la vijana, nikasoma habari za Augustino wa Hippo.

Huyu ni Mwafrika mwenzetu. Alizaliwa mwaka 354 Thagaste, leo ni Algeria. Mama yake, Monica, alikuwa mtu wa maombi; kijana alikuwa mtu wa dunia. Alisomea ufasaha Carthage, akaufundisha hadi Milan, Italia. Aliishi miaka mingi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto, Adeodatus. Mama akawa analia mbele za Mungu tu. Mwaka 386 akaokoka, kama tunavyosema sisi, na Pasaka ya 387 Askofu Ambrose akambatiza yeye na mwanawe. Mwaka uleule Monica akafariki. Adeodatus naye alikufa angali kijana.

Alirudi Afrika akitaka maisha ya kimya. Wapi! Mwaka 391 alifika Hippo, mji wa bandari kama wetu, waumini wakamshika kanisani wakataka awe kasisi wao, akawekewa mikono huku analia. Miaka michache baadaye akawa askofu. Alihubiri karibu miaka 40, yeye ameketi na watu wamesimama (hebu tujaribu hapa kwetu!), mara nyingi bila karatasi mkononi. Wenye kalamu walikuwa makarani. Waliandika kwa hati mkato anavyosema, halafu wakanakili upya. Bila wao mahubiri yangeisha pamoja na ibada. Leo yapo zaidi ya 500, ila makarani wenyewe, jamani, hatuwajui majina.

Mwaka 430 jeshi la Wavandali liliuzingira mji. Augustino, miaka 75, alikuwa kitandani na homa. Aliomba zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani, akawa anazisoma amelala. Alikufa tarehe 28 Agosti. Hakuandika wasia, maana hakuwa na mali yoyote. Aliloagiza ni maktaba ya kanisa itunzwe. Baadaye mji ukachomwa moto, lakini vitabu vikapona.

Kama miaka 250 baadaye, huko Ufaransa ya leo, mahubiri yake kadhaa yalinakiliwa kwa Kilatini kwenye mafunjo, yale matete ya Misri, yakichanganywa na kurasa za ngozi ili kitabu kiwe na nguvu. Mafunjo hayapatani na unyevunyevu, lakini kitabu kipo. Kimegawanyika: sehemu iko Paris, sehemu Geneva, na ukurasa mmoja St Petersburg, Urusi.

Wazee wanakutana Jumanne. Nimewaomba waliondoe pendekezo langu kwenye ajenda. Badala yake tutafute kabati lisiloingia maji, la kuweka nakala moja ya kila wiki. Za mwaka jana ziko chini ya ngazi, na mvua za Mei zilishazifikia.