Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria: Mjane Aliyegeuza Haki Yake Kuwa Sadaka

Kila mwaka, tarehe 17 Novemba, Mama Kanisa huadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria. Aliishi miaka 24 tu hapa duniani, lakini katika muda huo mfupi alikuwa binti wa mfalme, mke, mama, mjane, na hatimaye mtumishi wa wagonjwa.

Elizabeti alizaliwa mwaka 1207, akiwa binti wa Mfalme Andrea II wa Hungaria. Alipofikia umri wa miaka minne alipelekwa Turingia, katika nchi ya Ujerumani, ili alelewe na ukoo wa mchumba aliyechaguliwa na wazazi. Mwaka 1213 mama yake, Malkia Gertrude, aliuawa, na mtoto huyo akabaki yatima wa mama katika nchi ya ugeni. Mwaka 1221 alifunga ndoa na Ludoviko IV, mtawala wa Turingia. Ndoa hiyo ilikuwa imepangwa kwa sababu za kisiasa, lakini wawili hao walipendana kwa dhati, wakajaliwa watoto watatu.

Katika ngome ya Wartburg karamu zilikuwa nyingi. Wajakazi wake walishuhudia baadaye kwamba, kwa maelekezo ya muungamishi wake, Padre Konrad wa Marburg, Elizabeti aliuliza kila chakula kilichowekwa mezani kimetoka wapi. Kilichopatikana kwa kuwadhulumu wanyonge hakukigusa, hata kama ilimpasa kuondoka na njaa mbele ya meza iliyojaa. Mumewe hakumzuia, ingawa watu wa ikulu walinung’unika.

Mwaka 1226 njaa kali iliipata nchi wakati Ludoviko alipokuwa Italia kwa shughuli za Kaisari. Elizabeti alifungua maghala na kuwagawia maskini nafaka. Chini ya ngome alianzisha nyumba ya wagonjwa, akiteremka mwenyewe kuwahudumia. Mavuno yalipokaribia, wenye nguvu aliwapa mashati, viatu na mundu, wakavune na kula jasho lao wenyewe. Hivyo aliwashibisha bila kuwavunjia heshima.

Mwaka uliofuata, Ludoviko aliondoka kwenda katika vita vya msalaba. Hakufika. Tarehe 11 Septemba 1227 alifariki kwa homa huko Otranto, kusini mwa Italia. Elizabeti alikuwa na miaka 20 tu, akikaribia kujifungua mtoto wa tatu. Kadiri ya ushuhuda wa wajakazi wake, alinyimwa mali aliyostahili kama mjane, akatoka ngomeni na kuteremkia mji wa Eisenach. Watu walimwogopa shemeji yake, wakasita kumkaribisha. Usiku wa kwanza alilala katika kibanda kilichokuwa cha nguruwe. Usiku huohuo alikwenda kwa Ndugu Wafransisko, akawaomba waimbe utenzi wa kumshukuru Mungu.

Mjomba wake, Askofu Ekbert wa Bamberg, alitaka aolewe tena. Elizabeti alikataa. Ijumaa Kuu ya mwaka 1228, akiwa ameweka mikono juu ya altare katika kikanisa cha Wafransisko, aliahidi kuacha fahari zote za dunia. Hata hivyo, hakuiacha haki yake mikononi mwa walioizuia. Alipolipwa sehemu ya mali yake, aliitumia kuwasaidia maskini na kujenga hospitali huko Marburg, akaiweka chini ya jina la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Humo aliwaogesha wagonjwa, akawalisha, na kusokota sufu ili ajipatie riziki.

Njia hiyo haikuwa nyepesi. Aliishi mbali na watoto wake, na Padre Konrad alimwongoza kwa ukali mwingi, hata akamtenganisha na wajakazi waliokuwa marafiki zake. Elizabeti alivumilia, wala huzuni haikumwondolea uchangamfu mbele ya maskini. Alifariki tarehe 17 Novemba 1231. Sikukuu ya Pentekoste mwaka 1235, Baba Mtakatifu Gregori IX alimtangaza kuwa mtakatifu. Leo anaheshimiwa kama msimamizi wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko.

Ndugu waamini, hata leo wapo wajane wanaotolewa nyumbani kabla machozi ya msiba hayajakauka, na mali yao kugawanywa na ndugu wa marehemu. Mtakatifu Elizabeti anawafundisha kwamba kudai haki si kukosa imani. Nasi tulioketi mezani anatudai swali lake: chakula hiki kimetoka wapi, na ni nani aliyelala njaa ili sisi tushibe? Anayethubutu kujiuliza hivyo, na kurudisha alichokitwaa kwa dhuluma, ameanza kutembea katika nyayo zake.

Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, utuombee.